Kabla ya Shaba, Tindikali

Kwenye maduka ya pembejeo ya Sanya Juu, salfa na shaba hupangwa rafu moja. Unga wa njano wa salfa hununuliwa na wenye mboga na matunda wanaopambana na ubwiriunga. Mrututu na dawa nyingine zenye shaba hununuliwa na wenye kahawa kwa ajili ya chulebuni na kutu ya majani, ingawa miche mipya iliyotolewa na kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI pale Lyamungu imewapunguzia wengi gharama hiyo. Mrututu wenyewe, zile chenga za buluu zinazokorogwa kwenye pipa pamoja na chokaa, hupatikana shaba inapoyeyushwa na tindikali ya salfa, kwa hiyo mkulima wa Siha ni mteja wa kiwanda cha tindikali hata kama hajawahi kukiona. Kuna salfa nyingine, njano ileile, isiyofika shambani kwa mtu. Hushushwa bandarini Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye malori, ikapita Mbeya na kuvuka mpaka Tunduma, ikakatiza Zambia hadi Kasumbalesa, ikaishia Likasi, Fungurume au Kolwezi, katika eneo la Katanga nchini Kongo. Huko huchomwa ikawa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayotoa shaba na kobalti ndani ya mwamba. Sisi tunabaki na ushuru wa bandari na mashimo ya barabara.

Mjadala wa madini nchini kwetu kwa muda mrefu umekuwa mjadala wa kuongeza thamani: tusisafirishe mchanga, tuyeyushe na kusafisha hapahapa. Sina ugomvi na nia hiyo. Ugomvi wangu ni na mpangilio wa maswali. Tunauliza shaba ni kiasi gani, dhahabu ni kiasi gani, hisa za serikali ni asilimia ngapi. Tindikali ama haitajwi, ama huachiwa sura ya mazingira ambayo wasomaji wengi huiruka. Ninachodai ni kwamba kwa madini ya shaba, kobalti na nikeli, tindikali ndiyo inayoamua kiwanda kikae wapi, kiwe na ukubwa gani na kama kitajilipa. Nchi isiyojua tindikali yake itatoka wapi, au itakwenda wapi, haijawa tayari kwa kiwanda cha shaba, hata ikiwa imekalia mlima mzima wa madini hayo.

Sababu iko ndani ya mwamba. Mawe ya shaba yako ya namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ni oksidi, kama malakaiti ile ya kijani inayochongwa shanga na sanamu. Hiyo huyeyuka kwa tindikali hafifu bila kuhitaji tanuru. Namna ya pili ni salfidi, kama kalkopiriti, ambamo shaba imefungwa pamoja na chuma na salfa. Hiyo kwa kawaida hupelekwa kwenye tanuru la kuyeyushia, na salfa yake hutoka kama gesi. Namna ya kwanza inadai tindikali. Namna ya pili inaizalisha, utake usitake. Mgodi wenye oksidi tupu utanunua salfa maisha yake yote, na tanuru la salfidi litatafuta mnunuzi wa tindikali maisha yake yote. Ukilishika hilo, ramani nzima ya viwanda vya shaba kuanzia Kolwezi hadi Ndola inasomeka.

Mawe ya oksidi yakishasagwa huingizwa kwenye matangi ya tindikali, na maji hugeuka buluu ya mrututu. Maji hayo huchanganywa na mafuta ya jamii ya mafuta ya taa yaliyotiwa kemikali inayonasa shaba na kuacha chuma na takataka nyingine. Shaba huhamishiwa kwenye maji masafi zaidi, umeme hupitishwa, na shaba hujijenga kwenye mabapa hadi kufikia usafi wa asilimia 99.99. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba katika hatua hii ya umeme tindikali hurudi: kila tani ya shaba inayonata kwenye bapa huachia takribani tani moja na nusu ya tindikali, nayo hurudishwa kwenye matangi. Mtu atauliza basi kwa nini mgodi uendelee kununua. Jibu ni kwamba mwamba wenyewe una ulaji wake. Mawe ya Katanga yana dolomiti nyingi, na dolomiti huila tindikali bila kutoa shaba yoyote. Kobalti nayo ina masharti yake: katika madini yanayoitwa heterojeniti haikubali kuyeyuka kwa tindikali peke yake, inahitaji gesi ya dioksidi ya salfa au kemikali ya ukoo huo ili iachie. Kwa hiyo salfa huchomwa kwa kazi mbili, ya tindikali na ya gesi. Mwishoni kobalti hugandishwa kwa magnesia, ikatiwa kwenye magunia ikiwa unga wenye unyevu, na kusafirishwa, nyingi yake ikielekea China.

Kutengeneza tindikali yenyewe si jambo la miujiza, na mbinu inayotumika ina zaidi ya miaka mia moja. Salfa huyeyushwa, hunyunyizwa ndani ya tanuru na kuwaka kwa mwali wa buluu. Gesi inayotoka hupitishwa juu ya kichocheo chenye vanadi kwenye joto la nyuzi zaidi ya 400, ikaongezewa oksijeni. Gesi hii ya pili haitiwi kwenye maji matupu, kwa sababu ingezua ukungu wa tindikali usiokamatika. Hufyonzwa na tindikali iliyo tayari, kali ya asilimia 98, kisha ndipo maji huongezwa kidogo kidogo. Tani moja ya salfa huzaa takribani tani tatu za tindikali. Na karibu kila hatua hutoa joto, joto jingi linalochemsha maji na kuzungusha mtambo wa umeme. Katika eneo kama Katanga, ambako umeme wa gridi hukatika kila mara, kiwanda cha tindikali ni kituo cha kufua umeme pia, na meneja wa mgodi huhesabu megawati zake kama anavyohesabu tani.

Sifa hizo mbili, uzito unaoongezeka mara tatu na joto linalogeuka umeme, ndizo zinazoeleza kwa nini salfa husafirishwa na tindikali hutengenezwa palepale kwenye mgodi. Enzi ya kampuni ya migodi ya Union Minière, viwanda vya Likasi vilipata sehemu kubwa ya tindikali kwa kuchoma madini ya zinki yenye salfa kutoka Kipushi, umbali usiofika kilomita 200. Mgodi wa Kipushi uliposimama mwaka 1993, chanzo hicho kikakatika. Migodi mipya ya karne hii ikageukia bahari: Tenke Fungurume ilianza uzalishaji mwaka 2009 ikiwa na kiwanda chake cha kuchoma salfa, na wengine wa Kolwezi wakafuata njia hiyo. Leo Kongo inazalisha takribani tani milioni 3 za shaba kwa mwaka, ni ya pili duniani baada ya Chile, na hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia. Sehemu kubwa ya utajiri huo imesimama juu ya unga wa njano unaotoka kwenye visima vya gesi na mitambo ya mafuta ya Ghuba, maana salfa ya biashara siku hizi ni masazo ya kusafisha gesi na mafuta ya Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Qatar na kwingineko. Bei yake ilipopanda zaidi ya maradufu ndani ya mwaka 2025, gharama ya shaba ya Kolwezi ilipanda bila mwamba wa Kolwezi kubadilika hata chembe.

Hapo ndipo inapozaliwa hoja ya kwanza ya kunipinga, nayo ina mvuto. Kama salfa inapita kwetu, kwa nini tusiichome Dar es Salaam, Tanga au hata Mbeya, tukawauzia Wakongo tindikali badala ya kuwapitishia malighafi? Huko si ndiko kuongeza thamani? Hesabu ndogo inatosha. Lori moja la tani 30 za salfa likifika Kolwezi huzaa tani 90 za tindikali. Ukichoma salfa hiyo Dar es Salaam utahitaji malori matatu, tena yawe ya matangi maalumu, yanayorudi matupu kwa sababu hakuna kitu kingine kinachoweza kupakiwa ndani yake. Joto lililotakiwa kumpa mnunuzi umeme litakuwa limeishia Kurasini. Juu ya hayo kuna roho za watu. Februari 2019, katika barabara ya kati ya Lubumbashi na Kolwezi, lori la tindikali liligongana na basi, na watu wapatao 20 wakafa, wengine kwa kuunguzwa na tindikali iliyomwagika. Hiyo ilikuwa safari ya ndani ya Katanga tu. Kuzidisha matangi ya namna hiyo mara tatu na kuyapitisha mlima Kitonga eti kwa jina la viwanda ni kununua msiba kwa fedha taslimu. Soko lenyewe nalo linazidi kubana: mwishoni mwa 2025 Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, iliwasha tanuru la kuyeyusha tani 500,000 za shaba kwa mwaka, na tanuru hilo litatoa tindikali kwa mamia ya maelfu ya tani, za kuwauzia majirani zake wenye oksidi. Muuzaji wa Dar es Salaam angeshindana na mtu ambaye kwake tindikali ni takataka anayotaka imtoke.

Tanga ilishatufundisha sehemu ya somo hili. Kiwanda cha mbolea kilichoanza uzalishaji mwaka 1972 kilikuwa na mtambo wake wa tindikali ya salfa, na kwenye karatasi kila kitu kilikaa sawa: bandari iko jirani, reli ipo, wakulima wapo. Lakini salfa ilikuja kwa meli, amonia ilikuja kwa meli, na hata mawe ya fosfeti yalitoka nje mpaka Minjingu ilipoanza kuchimba mwaka 1983. Fedha za kigeni zilipoadimika na mitambo ikachakaa, kiwanda kikadhoofika hadi kikafungwa mwaka 1991. Wapo wanaosimulia habari hii kama ushahidi kwamba Mwafrika hawezi viwanda vya kemikali. Mimi naisoma kwa namna nyingine: mtambo wa tindikali usio na chanzo chake cha salfa wala mnunuzi wa jirani ni mateka wa bei za watu wengine.

Basi, husema wengine, tuwe na salfa yetu. Na hapa huku kwetu vidole huelekezwa juu. Aliyepanda Kibo kwa njia ya Londorossi na Shira, akafika kwenye shimo la kreta ya Reusch, anaijua harufu ile, na ameona matundu yanayotoa mvuke kando ya mawe yaliyopakwa njano. Ni salfa kweli. Lakini ni utando, si mgodi, uko karibu na mita 5,800 juu ya bahari, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1987, na mapato ya wageni wanaolipa kuutazama mlima huo kwa siku chache yanazidi chochote ambacho gunia la salfa lingeleta. Hoja ya jasi ina uzito zaidi. Makanya, wilayani Same, huchimbwa jasi inayokwenda kwenye viwanda vya saruji, na jasi safi ina salfa karibu asilimia 18 na nusu. Wajerumani, walipozingirwa katika Vita Kuu ya Kwanza, walibuni njia ya kuchoma jamii hiyo ya mawe wakapata tindikali na saruji kwa mpigo, na Waingereza wakaitumia pale Whitehaven hadi miaka ya 1970. Njia hiyo inafanya kazi. Ila inakula mafuta au makaa mengi mno, na popote salfa ya visima vya gesi ilipofika kwa bei ya kawaida, tanuru za jasi zilizimwa. Ni njia ya nchi iliyo vitani au iliyofungiwa bahari. Sioni sababu ya Kilimanjaro kuanzia hapo.

Salfa yetu ya maana iko mahali tulipokwisha kuipima, tukaitangaza redioni, kisha tukaisahau. Machi 2017 serikali ilizuia makinikia, ule mchanga wa madini, kwenda nje, na kontena 277 zikakwama bandarini Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma iliyozikagua ilisoma matokeo yake mbele ya taifa Mei mwaka huo. Watu walikumbuka dhahabu, na wakagombana juu ya dhahabu. Taarifa ile ilitaja pia shaba kwa wastani wa asilimia 26 na salfa kwa wastani wa asilimia 39, na ikahesabu salfa kama mali nyingine tuliyokuwa tunaipoteza bila kutozwa mrabaha. Tuichukue hesabu hiyo kama ilivyo, kwa kontena zenye tani 20 kila moja. Shaba iliyokuwamo ni tani 1,440 hivi. Salfa ni tani 2,160 hivi, nayo ikikamatwa karibu yote na kugeuzwa tindikali inapita tani 6,000. Yaani kiwanda ambacho kila mtu alikuwa anakililia, cha kuyeyusha makinikia hapahapa, kingetoa zaidi ya tani nne za tindikali kwa kila tani moja ya shaba. Kwa uzito, kingekuwa kiwanda cha tindikali chenye shaba pembeni. Katika kelele zote za mwaka ule, bungeni na vijiweni, wanaotaka tanuru na wasiolitaka walibishana kuhusu kiasi cha makinikia na bei ya umeme. Swali la nani angenunua tani hizo za tindikali halikupata nafasi.

Na asiyepata mnunuzi ana njia mbili tu. Ya kwanza ni kuachia gesi itoke kwenye bomba la moshi. Mufulira, Zambia, walifanya hivyo kwa miongo mingi, na mtaa wa Kankoyo ulio chini ya upepo wa tanuru ulilipa: bati za nyumba ziliisha kwa kutu, vifua vya watu vikabana, bustani zikakataa kuota isipokuwa miembe na mimea michache migumu. Ni baada ya mitambo ya kukamata gesi kukamilishwa mwaka 2014 ndipo sehemu kubwa ya moshi huo ilipogeuzwa kuwa tindikali. Njia ya pili ni kuizima tindikali kwa mawe ya chokaa. Kila tani ya tindikali hutaka karibu tani moja ya mawe hayo, na huacha karibu tani moja na robo tatu ya jasi chafu ya kutafutiwa pa kulala. Hapo gharama ya kuongeza thamani imezidi thamani iliyoongezwa.

Upande wa Uganda kuna kisa kinachoonyesha sura zote mbili za jambo hili, na nashangaa hakitajwi sana huku kwetu. Mgodi wa Kilembe ulitoa shaba kuanzia 1956 hadi 1982, na makinikia yake yaliyeyushwa Jinja. Piriti (salfidi ya chuma) yenye kobalti haikuwa na soko wakati huo, ikarundikwa karibu na Kasese hadi kupita tani milioni moja. Mvua na hewa vikafanya kazi ambayo hakuna aliyeiagiza: piriti ikatengeneza tindikali yenyewe, ikatiririka kuelekea Hifadhi ya Malkia Elizabeth na kuacha mstari wa ardhi isiyoota majani. Kisha mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ikaja na wazo la kufanya ndani ya matangi kile ambacho mvua ilikuwa inafanya ovyo. Bakteria walilishwa piriti, wakaiozesha, tindikali iliyotokana nao ikatoa kobalti, na mawe ya chokaa yakazima iliyobaki. Umeme ulifuliwa kwenye mto Mubuku. Mradi ulisimama na kuanza tena kulingana na bei ya kobalti, hadi rundo likaisha na kiwanda kikafungwa mwaka 2013. Haukununua salfa ya Ghuba, kwa sababu ilikuwa imelala uwanjani. Sidai kwamba kila mgodi unaweza kuiga Kasese. Nadai kwamba waliouanzisha waliuliza kwanza habari ya tindikali, kobalti ikafuata.

Kwetu, mnunuzi anayeweza kuaminika yuko Minjingu, kando ya Ziwa Manyara. Fosfeti yake husagwa na kutumika, na kwenye udongo wenye uchachu inafanya kazi vizuri. Kwenye udongo usio na uchachu wa kutosha huyeyuka polepole, na mkulima wa ngano au shayiri huona mazao yakimsubiri. Fosfeti hiyohiyo ikikorogwa na tindikali ya salfa huwa mbolea inayoyeyuka msimu huohuo, na kila tani ya mbolea ya namna hiyo huhitaji zaidi kidogo ya theluthi moja ya tani ya tindikali. Ni soko la maelfu mengi ya tani, lililo ndani ya nchi, linalolipa kwa shilingi. Viwanda vya ngozi kama kile cha Karanga, Moshi, hutumia tindikali kuandaa ngozi, lakini hayo ni mapipa, si mabehewa. Urani ya Mto Mkuju, Namtumbo, nayo ni mteja mtarajiwa wa tindikali hiyohiyo. Kutoka Kahama hadi Minjingu ni zaidi ya kilomita 500 za barabara, kwa hiyo hata hapa ningependelea mawe ya fosfeti yaende kwenye tindikali badala ya tindikali kuzunguka nchi; jiwe likianguka barabarani halimuunguzi mtu. Ninajua fosfeti ya Minjingu ina chembe za urani. Hilo ni la kupimwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, na lipimwe mapema.

Nataja Kahama kwa sababu ndiko swali hili linakoelekea. Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, ina shaba na kobalti ndani yake, na yote ni salfidi. Kampuni ya Tembo Nickel, ambayo serikali ina hisa asilimia 16, ilipata leseni ya uchimbaji mwaka 2021, na Machi 2024 ikatolewa leseni ya kiwanda cha kusafisha madini mbalimbali kwenye eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi. Teknolojia iliyotajwa haitumii tanuru. Madini hupikwa majini kwa oksijeni, ndani ya mitungi yenye mgandamizo mkubwa, salfa yao igeuke kuwa tindikali na salfeti humohumo. Wanaoinadi husema, na ni kweli, kwamba haitoi moshi wa salfa. Lakini salfa haipotei kwa kubadilishiwa chombo. Ikitoka mtungini itakuwa tindikali ya kuuza, au jasi ya kulundika, au chumvi ndani ya bwawa la topesumu. Nani anajua ni ipi, kwa tani ngapi kwa mwaka?

Najua pingamizi la mwisho, nalo ndilo zito kuliko yote: tindikali ni hatari mno kwa nchi yenye usimamizi kama wetu, tuwaachie wanaoiweza. Februari 2025, huko Chambishi, Zambia, ukuta wa bwawa la mabaki ya kuchenjulia shaba ulipasuka, lita zipatazo milioni 50 za maji yenye tindikali zikaingia kwenye kijito cha Mwambashi na hatimaye mto Kafue. Samaki wakafa, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Mwaka 2008 Mufulira watu mamia walikunywa maji ya bomba yaliyoingiwa na tindikali ya mgodi. Sitaki kuyapunguza hayo. Ila tuangalie yalikotokea: kwenye mabaki, mabwawa na mabomba ya uchenjuaji, mahali ambapo hesabu ya tindikali inayoingia na inayotoka haikufungwa. Mtambo wa kuchoma salfa wala gesi ya tanuru iliyokamatwa vizuri havikuhusika. Na kukataa viwanda hakutuepushi na hatari tuliyonayo tayari, maana salfa inapita Chalinze, Iringa na Mbeya kila siku, na salfa inashika moto. TAZARA, reli iliyokamilika mwaka 1975 kwa ajili ya shaba hasa, ndiyo ingestahili kubeba mzigo huo, na makubaliano ya mwaka 2025 ya kuifufua kwa dola bilioni 1.4 yana maana zaidi kwa usalama wa barabara ya Tunduma kuliko hotuba yoyote. Tukichelewa, njia ya Lobito, Angola, imeshaanza kupeleka salfa Kolwezi kwa reli, na mzigo hautatusubiri.

Kwa hiyo wakazi wa Kahama na Ngara watakapoitwa kwenye vikao vya NEMC vya tathmini ya mazingira, na wabunge watakapoletewa mkataba mwingine wa kusafisha madini nchini, nawaomba wasianze na asilimia za hisa. Waombe ukurasa mmoja wenye hesabu ya salfa: inaingia tani ngapi ndani ya mwamba, inatoka tani ngapi kama tindikali, nani ameshatia saini kuinunua, itasafiri kwa nini na kupita wapi, na isiponunuliwa itazimwa kwa chokaa ya wapi na kulazwa wapi. Kampuni iliyofanya kazi yake inao ukurasa huo tayari. Isiyo nao irudi ikauandike kabla ya kupewa kiwanja.